Swichi ya hazadi haina mwanga usiku, naomba ushauri kabla waya hazijakatwa

Mzabibu_Hombolo:
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Noah ya zamani, nabebea zabibu kutoka Hombolo kuleta mjini, na safari nyingine hunipeleka hadi Manyoni. Swichi ya hazadi haitoi mwanga usiku. Ukiibonyeza, indiketa zote zinapiga kama kawaida, ila yenyewe huioni. Wiki iliyopita nilipata pancha nimeshapita Bahi, giza totoro, lori linakuja nyuma yangu, nikawa napapasa dashibodi. Kwanza nikabonyeza ya kukausha kioo cha nyuma. Nilipata hofu ya kweli.

Fundi mmoja anataka kukata waya wa redio aunge mwanga kutoka hapo. Moyo umekataa. Geji, redio na swichi nyingine zinawaka vizuri. Nianzie wapi?

Kizota_Umeme:
Mkuu, umefanya vema kukataa. Kama vingine vyote vinawaka ukiwasha taa ndogo, achana na fyuzi. Toyota nyingi zina fyuzi iliyoandikwa TAIL, hiyo ndiyo inalisha taa ndogo za nyuma pamoja na mwanga wa dashibodi. Ingeungua, ungekosa vyote. Kale kagurudumu ka kupunguzia mwanga nako kangefifisha dashibodi nzima. Hapo ni balbu ya swichi.

msafiri_kondoa:
Nunua swichi ya mtumba, maliza kazi.

Kizota_Umeme:
Ya mtumba ina balbu yenye umri uleule. Swichi yake ni nzima, kwa nini aitupe?

Mkuu, fanya hivi. Chomoa hasi ya betri. Zungushia tepu ncha ya bisibisi bapa, halafu uing'oe swichi taratibu, kwa sababu plastiki iliyopigwa na jua la Dodoma miaka yote hiyo inakatika kama biskuti. Itazame kwa nyuma. Ukiona kitako kidogo chenye mfereji, kizungushe robo, balbu inatoka nacho. Usipokiona, balbu imechomelewa ndani na lazima ufungue kesi. Fungulia juu ya kitambaa cheupe, kuna springi na vibati vinavyoruka. Balbu pima kwa mita: nzima inasoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), iliyokatika haisomi kitu.

Nkuhungu_Boy:
Weka LED moja kwa moja, inadumu kuliko balbu.

fundi_redio_Majengo:
LED tupu moja kwa moja hapana, ndugu yangu, itaungua papo hapo. Injini ikiwaka umeme wa gari unafika volti 14 hivi, LED nyeupe inatumia kama 3. Hizo 11 zilizobaki lazima zibebwe na resista, kale kakifaa ka kupunguza umeme. Weka ya omu 1,000 (kahawia, nyeusi, nyekundu), utapata miliampia 11, zinatosha kabisa kwa swichi. Usiweke 470, ile ndogo ya robo wati itapata joto kupita uwezo wake, na imefungiwa ndani ya plastiki.

LED ina chanya na hasi, kwa hiyo pima kwanza. Halafu hasi usiipeleke kwenye bodi ya gari, irudishe kwenye pini ileile ya balbu. Magari mengi yanapunguza mwanga kwa upande wa hasi, ukiunga kwenye bodi kale kagurudumu hakataitawala tena swichi hiyo.

Mzabibu_Hombolo:
Mrejesho, wakuu. Balbu ilikuwa imechomelewa ndani, kioo cheusi tii, mita haisomi. Kulikuwa na vumbi jekundu la kutosha, nikalifuta kwa brashi. Kijana wa kutengeneza redio amenichomelea LED na resista ya 1,000 kama mlivyosema. Inawaka! Ila ni nyeupe na kali, inachoma macho, wakati swichi za jirani ni kijani tulivu.

fundi_redio_Majengo:
Balbu ya zamani haikuwa na kofia ya mpira ya kijani?

Mzabibu_Hombolo:
Ilikuwa nayo, nimeikuta kwenye kitambaa.

fundi_redio_Majengo:
Ivishe LED hiyohiyo. Kama inapwaya, tone dogo la gundi pembeni.

Mzabibu_Hombolo:
Nimeivisha. Imelingana na wenzake, na nikizungusha kagurudumu inafifia pamoja nazo. Kesho usiku naenda Manyoni. Asanteni sana.