Tupeane uzoefu: nyumba ya kisasa ilipokutana na jua, upepo na macho ya jirani

Mpangaji wa Madale
Wakuu salaam. Jioni hii nimepita nyumba inayomaliziwa huku kwetu. Paa la kujificha nyuma ya ukuta, kuta nyeupe, kioo kutoka sakafuni hadi darini, na chote kimeelekea machweo. Mwenyewe anaipiga picha, anachekelea. Nikatamani kumwambia kitu, nikaona nitaitwa mchawi. Mimi nimepanga nyumba ya namna hiyo hiyo. Kuanzia saa tisa alasiri sebule haikaliki, wageni tunawapokelea jikoni. Kochi la upande wa kioo limepauka, feni inatuzungushia moto ule ule, na ukiwasha kiyoyozi umeme wa LUKU unakatika huku unautazama. Nimeweka pazia zito, halisaidii. Joto likishavuka kioo limeshaingia ndani, na pazia lenyewe ukiligusa ni la moto.
Nyie yamewakuta yapi? Jua, upepo, mandhari, jirani anayechungulia, leteni.

Kipusa wa Bunju
Kwetu chumba cha watoto ndicho kiko magharibi. Saa nne usiku ukuta bado una joto. Pole, ndugu yangu.

Msanifu Tabata
Mpangaji, Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni jua la mchana linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na mara zote mbili liko juu sana, kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unaokolewa na paa lililotokeza kidogo tu. Jua la asubuhi na la jioni liko chini, linapita chini ya paa lolote lile. Ndiyo maana nyumba ya pwani huwa inalazwa mashariki hadi magharibi, ule ubavu mfupi ndio upigwe. Sasa hivi mwombe mwenye nyumba azuie jua likiwa bado nje ya kioo: mbao za kusimama, tofali za matundu, hata waya wenye mmea unaotambaa.

FundiMchundo
Mteja anakuja na picha kwenye simu, anasema nataka hii. Ukimwambia tuigeuze kidogo, anakuambia unamharibia muonekano. Geti liko barabarani, basi sura ya nyumba lazima itazame geti. Hizo nyuzi mtafundishana vyuoni.

Msanifu Tabata
Ndizo ramani zenu za kununua mtandaoni. Ramani ile ile inajengwa Goba, Kibaha na Njombe, na haijui kaskazini iko wapi.

FundiMchundo
Na bei yako wewe inajua mfuko wa mteja uko wapi?

Chumvi Nyingi
Raundi hii fundi kachukua.

Goba Juu
Ngojeni niwape ya kwangu, naomba tu mke wangu asipite humu.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Aliyetuchorea alituambia lile bonde ni mali, bafu la chumba chetu liwe na dirisha kubwa, mtu aoge anatazama miembe. Kuhusu kuonekana akasema tusiwe na wasiwasi, kitawekwa kioo cha kujiona: wa ndani anaona nje, wa nje anajiona mwenyewe. Na kweli, mchana nilikuwa nasimama pale nje nachana ndevu.

Ng'ambo ya bonde kuna kijiwe cha bodaboda na banda la chipsi. Miezi ya mwanzo umeme wa bafuni ulikuwa haujamaliziwa, usiku tulikuwa tunaoga na kamwanga ka korido. Wiki aliyokuja mama mkwe kutoka Korogwe ndiyo fundi umeme akaja kufunga taa. Zile nyeupe kali, tena juu ya kioo.

Mama tukampa chumba chetu, heshima. Baada ya isha akaingia kuoga. Na mama yule haogi harakaharaka, akioga anaimba kaswida, ubeti baada ya ubeti. Mimi nimesimama nje naongea na simu. Ghafla nasikia bonde limenyamaza. Pikipiki hakuna, redio ya chipsi imezimwa, mbwa tu. Nageuka kutazama nyumba yangu, inawaka kama sinema ya uwanjani. Nikainamisha uso chini, sikuuinua tena.

Mama wa genge akapandisha mteremko anahema, kanga mkononi. "Baba, zima taa kwanza, maelezo baadaye!" Nikakimbilia meini swichi, nikazima nyumba nzima. Kutoka bafuni nasikia sauti: "Jamani, LUKU imeisha?"

Tukajibu ndiyo mama, imeisha.

Asubuhi akashuka gengeni kununua nazi. Vijana wote wa kijiwe wakasimama kwa pamoja. "Shikamoo mama!" Hawajawahi kumwamkia mtu hivyo tangu kijiwe kianze. Akarudi bila nazi, hakuuliza kitu. Akakunja kanga zake, akapanda basi la Tanga la kwanza lililopatikana.

Kipusa wa Bunju
Nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂😂

Chumvi Nyingi
Ubeti baada ya ubeti!! Alirudi?

Msanifu Tabata
Kioo cha kujiona kinafanya kazi kwa upande wenye mwanga mwingi. Mchana mwanga uko nje, wa nje anajiona. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, wewe wa ndani ndiye unayejiona na wa nje anakuona. Mchoraji wa kweli angelijua hilo.

Mama Wawili
Mnacheka, lakini mama wa watu kavunjiwa heshima. Kijiwe kizima kinakodoa macho, asipatikane hata mmoja wa kupiga honi?

Chumvi Nyingi
Mwenye macho haambiwi tazama, mama.

Mama Wawili
Mwenye mama je, naye anaambiwa ageuke? Malezi hamna.

FundiMchundo
Mama Wawili tusigombane, mwenye kosa ni aliyechora.

Msanifu Tabata
Hatujui kama aliyechora alikuwa msanifu. Goba Juu kasema "aliyetuchorea" tu.

Binti wa Amu
Kwetu Amu, yaani Lamu, jambo hili wazee walilimaliza zamani. Mlango wa nje una daka lenye mabaraza pande mbili, mgeni wa kawaida huishia hapo. Ukiingia unakabiliana na ukuta kwanza, unapinda ndipo uone kiwanda, yaani ua wa ndani. Mlango uwe wazi kutwa, mpita njia haoni kitu. Mwanga na hewa hutoka juu, pale kiwandani. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana hupimwa na boriti za mikoko, na kuta nene za mawe ya matumbawe hazipashi joto upesi. Linalotuudhi siku hizi ni mabanda ya makuti juu ya magorofa. Mtu anatafuta kuona bahari, ila kabla macho hayajafika baharini yanapitia viwanda vya majirani wote. Nyanya yangu ameacha kuanika nywele juani.

Chumvi Nyingi
Nikijenga hivyo Kimara wataniuliza gereza linafunguliwa lini.

Baba Njeri, Ngong
Huku Julai tunalilia hilo jua mnalolikimbia. Nasoma uzi huu nikiwa na sweta na soksi. Sebule yangu inatazama kaskazini, jua la Julai likijitokeza naliona. Jirani ametazama kusini, anawasha makaa. Kwa hivyo msimwambie kila mtu afunge madirisha.

Kusi Kibada
Mimi shida yangu ni upepo. Kigamboni yote inapulizwa na kusi, kwangu pazia halitikisiki. Fensi ni tofali tupu, imenipita kichwa. Na haya madirisha ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo juu ya kioo.

Msanifu Tabata
Sehemu ya fensi ifanye tofali za matundu, na dirisha liwe la kufunguka lote. Halafu upande wa pili wa chumba pawe na pa kutokea hewa, la sivyo haiingii.

FundiMchundo
Matundu hayo mwizi anayafanya ngazi.

Mama Wawili
Panda miashoki. Jirani haoni na upepo unapita.

Kipusa wa Bunju
Kama una paa la kujificha usiipande karibu. Majani yanaziba mfereji wa ndani, masika ikija maji yanakaa juu, jipsamu inakudondokea kitandani. Naongea nikiwa na ndoo sebuleni.

Mwanza Mawe
Jamani na mimi. Kiwanja changu kiko juu ya mawe, ziwa lote liko magharibi. Nikikwepa jua naligeuzia ziwa mgongo. Nifanyeje?

Msanifu Tabata
Baraza pana upande wa ziwa, sebule ikae nyuma ya baraza.

FundiMchundo
Baraza pana linakula zege. Weka kioo, nunua pazia.

Mwanza Mawe
Nimewauliza wawili, nimepata nyumba mbili.

Chumvi Nyingi
Goba Juu umetoroka. Mama mkwe alirudi au hakurudi?

Goba Juu
Alirudi Idi. Anaogea choo cha wageni, kile chenye katundu ka hewa tu, na anazima taa mwenyewe. Bafu la kwetu tumeweka kioo cha ukungu mpaka shingoni. Mke wangu anataka kifike juu kabisa, mimi nasema bonde nimelilipia. Bado tunaongea.