Nataka kuanzisha klabu ya mpira wa mikono chuoni, grupu limejaa ila uwanjani tumetokea tisa

BintiKihesa

Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Iringa. Sekondari nilicheza mpira wa mikono mpaka UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya mkoa. Nimefika chuo nakuta soka, kikapu, netiboli na wavu, mikono hakuna. Muhula huu nikafungua grupu la WhatsApp la wasichana, likajaa haraka, kila mtu "nipo", "tupo pamoja". Siku ya mazoezi tukatokea tisa, na wawili kati ya hao walikuja kumsindikiza rafiki yao tu.

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi wanataka katiba, orodha ya viongozi, mlezi na bajeti ndio watutambue. Uwanja wa sakafu wameukalia watu wa futsal (soka la watano kwa watano). Wenzangu wanasema tuchangishane jezi kwanza, watu watavutika. Mimi naona katiba kwanza ili tupate hela ya chuo. Kuna aliyewahi kuanzisha kitu kama hiki toka sifuri? Na mtu akivunjika kidole naulizwa mimi?

KatibuMstaafu

Hongera dada. Nilikuwa katibu wa klabu ya wavu chuo kimoja Morogoro, sasa hivi nafundisha sekondari Singida. Mimi ningeweka pembeni vyote viwili, jezi na katiba. Anza na siku na saa. Chagua siku mbili, tuseme Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, halafu usizibadilishe mpaka muhula uishe. Wakija wanne, chezeni wanne. Mvua ikinyesha, tafuteni baraza lolote mpasiane.

Klabu za chuo zinafia kwenye ujumbe mmoja: "Jamani leo tupo?" Ukishauliza hivyo, umemkumbusha kila mtu kwamba anaweza asije. Mmoja anasema ana kazi ya kikundi, wa pili ana tesiti kesho, wa tatu akiona wawili wamejitoa naye anajitoa. Usiulize. Andika "saa kumi na moja, uwanjani", ufunge simu.

Tisa wanatosha sana. Mchezo ni saba kwa saba, sawa, lakini nusu uwanja mnacheza wanne kwa wanne na kipa mmoja wa wote. Wale wawili wasindikizaji usiwapoteze, mmoja mpe filimbi. Anayepewa kazi anarudi.

Kutafuta watu: UMISSETA ina mikono, kwa hiyo kila mwaka wa kwanza wanaoripoti Oktoba na Novemba kuna waliowahi kucheza, hakuna tu anayewauliza. Nenda kwenye foleni ya usajili, ile ndefu watu wameshika vyeti na bahasha, usimame na mpira mkononi. Bango halina maana pale. Aliyecheza akiona mpira wa mikono ananyoosha mkono mwenyewe aushike, na akishaushika utajua kwa vidole vyake. Muulize "ulikuwa unacheza nafasi gani?" Ukiuliza "unapenda michezo?" kila mtu atakwambia ndiyo na hutamwona tena.

Kuhusu futsal, una bahati na hujaiona. Uwanja wa mikono ni mita 40 kwa 20. Goli ni mita 3 upana na mita 2 kimo, ambalo ndilo goli la futsal lenyewe. Hata boksi lao linapimwa kwa mita 6 toka kwenye mwamba, linakaribiana mno na mstari wa kipa wa mikono. Kwa hiyo hao ni wenye nyumba wako, usiwafanye maadui. Mfuate nahodha wao (sio ofisi, ukianzia ofisini atajua umemshtaki), omba saa moja kabla yao. Ahadi yako iwe kufagia uwanja na kufunga nyavu, wao wakifika wanaanza kucheza tu.

Hela: ada kusanyeni wiki bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) linapotoka. Bumu likishazoeleka mfukoni humpati mtu, anakwambia "nitakupa" mpaka UE (mitihani ya mwisho wa muhula). Na pesa isikae kwenye simu ya mweka hazina peke yake. Wekeni M-Koba (akaunti ya kikundi kwenye simu) au njia yoyote ambayo hela haitoki bila mwingine kuidhinisha, kisha kila Ijumaa matumizi yabandikwe kwenye grupu, hata kama ni maji tu. Nimeona klabu inagawanyika kambi mbili kwa elfu arobaini ambayo haikuibwa na mtu, ila hakuna aliyekuwa na risiti.

WingaKkoo

Katibu unatuharibia biashara na hiyo "jezi baadaye" 😂

Ila kwa ukweli kabisa, dada, nunua mpira kabla ya jezi na uangalie namba. Wasichana ni namba 2, mzingo sentimita 54 mpaka 56. Wanaume ni namba 3, sentimita 58 mpaka 60. Watu wanakuja dukani wanabeba namba 3 kwa timu nzima, binti anashindwa kuushika kwa mkono mmoja, anasema huu mchezo sio wangu. Kumbe mpira ndio sio wake. Badala ya jezi chukua vizibao rangi mbili, bei yake rahisi na kila anayekuja atavaa. Jezi zenye majina ya watu zinahitimu na wenyewe.

MleziMstahimilivu

Binti, mimi ni mhadhiri na nimelea klabu za wanafunzi, niongeze upande wa ofisi.

Katiba kurasa mbili zinatosha. Nani mwanachama, viongozi wanapatikanaje na wanaondokaje, hela inatunzwaje, na klabu ikifa mali inakwenda wapi. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, halafu mipira inabaki chini ya kitanda cha mtu aliyekwisha kuhitimu.

Katibu yuko sahihi kwamba mazoezi yatangulie. Mlezi anayeombwa asaini karatasi ya klabu ambayo haijacheza anaona mzigo. Mwalike aje aone mara moja, hata kama ni nusu uwanja. Na usimchague kwa cheo. Mwenye cheo kikubwa hapatikani siku unayohitaji sahihi yake.

Bajeti ina kalenda yake. Vyuo vya umma mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ombi la mipira likifika Novemba linakuta fungu limeshagawanywa. Peleka mapema mwaka huu kwa ajili ya mwaka ujao, na kwa sasa mjitegemee. Siku mkipata mechi nje, barua ya basi iende na orodha ya majina na namba za usajili, na uulize mapema nani analipa mafuta na posho ya dereva. Safari nyingi zinakwama kwenye posho ya dereva.

Kidole: kila anayejiunga ajaze fomu yenye namba ya ndugu wa karibu na bima anayotumia. Uwe na sanduku la huduma ya kwanza uwanjani, sio hosteli. Kidole kikiteguka msikivute, kifungeni na cha jirani yake, muende zahanati. Ukifanya hivyo hakuna atakayekuuliza vibaya.

Mkicheza ndani ya chuo, ofisi ya mshauri inatosha. Siku mkitaka kuwa klabu inayojitegemea mshiriki ligi za nje, kuna usajili chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, mnaanzia kwa afisa michezo wa wilaya. Msikimbilie huko sasa.

BintiKihesa

Asanteni sana, mwalimu shikamoo. Nahodha wa futsal kumbe tunasoma naye kozi moja, amekubali Jumanne. Alhamisi kakataa, wana mechi zao, kwa hiyo siku hiyo tutatumia kiwanja cha nyasi, na hakina mistari. Halafu wavulana wameanza kuniuliza, niwapokee?

KatibuMstaafu

Wapokee, lakini Jumanne sakafuni iwe ya wasichana, wao waanzie nyasi. Ukichanganya wote siku ya kwanza, baada ya mwezi utajikuta unatunza mabegi yao. Uongozi nao andikeni kwenye katiba kwamba mwenyekiti na mweka hazina wasiwe wote wavulana. Na makamu wako awe wa mwaka wa kwanza. Uchaguzi ufanyike kabla ya UE za muhula wa pili, maana baada ya hapo watu wanakwenda fildi (mafunzo kwa vitendo) na funguo za stoo zinakwenda nao.

Mistari ya nyasi ni rahisi. Kama hamna goli, chomekeni miti miwili, mita 3 kati yake. Funga kamba kwenye mti mmoja, pima mita 6, mtu mmoja azunguke nayo akimwaga chokaa toka mstari wa goli mpaka awe mbele ya mti ule. Fanya hivyo mti wa pili. Ncha mbili zikibaki zinatazamana, ziunganishe kwa mstari mnyoofu wa mita 3, hilo ni eneo la kipa. Mita 7 toka katikati ya goli weka alama ya penalti. Mita 9 rudia zoezi lile lile kwa vipande vipande.

WingaKkoo

Kamba iwe ya katani. Ya nailoni inavutika, upande mmoja utatoka mita 6 na mwingine sita na nusu, makipa watagombana.