Aurora iko kwenye ncha za dunia, GPS yangu inavurugika Masasi. Kwa nini?

Mpima_Kusini
Wakuu, habari za jioni. Napima mashamba ya mikorosho huku Masasi na Newala. Jumamosi ile ya tarehe 11 Mei 2024 GPS ilikataa kutulia: nikirudi kwenye bikoni (alama ya mpima ardhini) ileile inanipa namba nyingine. Jioni nakuta mtandaoni picha za aurora, ile mianga ya usiku ya nchani mwa dunia, anga la Ulaya jekundu na kijani. Mambo ya huko nchani yanatufikiaje sisi?

Mwl_Fizikia_Lindi
Ndugu mpima, nimefurahi, maana wengi huishia kwenye picha. Elektroni hushuka kwa kufuata uga wa sumaku wa dunia, zikaigonga oksijeni: kilomita 100 hadi 150 hivi inatoa kijani, zaidi ya 200 inatoa nyekundu. Humohumo hupita mikondo mikubwa ya umeme, nayo huipasha hewa joto, ikatanuka na kupanda. Februari 2022 satelaiti 49 za intaneti za Starlink ziliachiwa kwenye kilomita 210 hivi. Hewa ikawa nzito njiani mwao, 38 zikaanguka na kuungua. Na dhoruba ile, yaani mtikisiko wa uga wa sumaku unaoletwa na jua, ilikuwa ndogo! Ya Mei 2024 ilifika G5, daraja la juu kabisa.

Joto hilo husukuma upepo na mawimbi hadi ikweta kwa saa chache tu. Halafu kuna letu sisi wa kusini. Ikweta ya sumaku, mstari ambapo uga wa sumaku umelala sambamba na ardhi, inapita Ethiopia. Elektroni huinuliwa pale, zikamwagika kaskazini na kusini kama maji ya chemchemi. Mtwara na Lindi tuko jirani na lundo la kusini la elektroni hizo. Mawimbi ya GPS huchelewa yakipita humo, na dhoruba ikilivuruga, kipokezi hakijui kisahihishe kiasi gani.

Nahodha_Mikindani
Shikamoo mwalimu. Na redio ya masafa mafupi kukatika ghafla mchana, ni hiyohiyo?

Mwl_Fizikia_Lindi
Marahaba. Hapana, huo ni mlipuko wa jua wenyewe. Eksirei zake hufika kwa dakika 8 na kuupiga upande wenye mchana. Dhoruba ya aurora huja baadaye, siku moja hadi tatu.

Mpima_Kusini
Sasa nifanyeje? Wakulima wanasubiri ramani.

Mwl_Fizikia_Lindi
Angalia utabiri wa NOAA, idara ya hali ya hewa na bahari ya Marekani, kabla ya kutoka. Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku cha 0 hadi 9, kikifika 7, tumia total station (kifaa cha kupima pembe na umbali bila satelaiti) kutoka bikoni zinazojulikana. Hata siku tulivu, usipime baada ya jua kuzama. Saa zile hewa ya juu huku kwetu huchafuka yenyewe. Na namba za tarehe 11 kama bado unazo, nitumie pamoja na saa ulizopima. Vijana wangu wa kidato cha nne watazichorea grafu.