Majirani Kirumba: kuhusu tarehe 31

Mama Kulwa: Habari za jioni wapendwa. Mmepata ule ujumbe wa chekechea? Ijumaa tarehe 30 watoto waje na mavazi ya Halowini, ile sherehe ya Wazungu ya kujivika vitisho, na elfu 25 ya pipi na mapambo. Mimi ninao wawili, hesabuni wenyewe.

Mama Abdul: Nimeupata. Na barakoa unanunua mwenyewe. Plastiki nyepesi ile, Abdul akikaa nayo dakika mbili imepasuka.

Baba Jestina: Na inanuka kama ndala mpya 😂

Mama Kulwa: Huku kwangu Doto kaishaogopa. Kulwa aliazima ya jirani, ile ya meno, akamtokea mlangoni. Usiku saa nane naamshwa nimsindikize chooni, nasimama nje na tochi ya simu.

Bibi Minza: Hamjambo wanangu

Baba Jestina: Shikamoo bibi

Mama Kulwa: Shikamoo bibi 🙏🏾

Bibi Minza: Marahaba. Kuogopa kidogo si ugonjwa. Bayeye, wale wacheza ngoma wa Kisukuma pale Bujora, wanacheza na chatu, watoto wanakimbia halafu wanarudi wenyewe. Mimi nimeona picha ya barakoa waliyotuma chekechea. Bibi kizee, mgongo umepinda, macho mekundu, wamemwita mchawi. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho hayo, na macho yenyewe ni moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, miaka yote ya kupika. Mjukuu wangu havai hicho.

Mama Abdul: Hilo ndilo la kumwambia mwalimu bibi, kabla ya hela.

Mama Kulwa: La hela nalo tumwambie 😂

Baba Jestina: Dada yangu anafanya kazi Ayalandi, ndiko mambo haya yalikoanzia, huko na Uskoti. Zamani mtoto akibisha hodi nyumba ya watu lazima aimbe au aseme shairi, ndiyo apewe tufaha au karanga. Taa walichonga kwenye turnipu. Boga wamelikuta Marekani walikohamia. Kwa hiyo tukifanya yetu kidogo kidogo uani hatujaharibu mila ya mtu.

Mama Abdul: Sasa sisi Waislamu mnatualika kwenye nini hasa? Baba Abdul ataniuliza.

Baba Jestina: Hadithi na vitendawili, Jumamosi, kwangu. Hakuna Halowini hapo.

Mama Abdul: Hapo sawa.

Mama Kulwa: Ila saa mbili kila mtoto awe kwake. Jumapili ni Watakatifu Wote, misa ya kwanza.

Bibi Minza: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:07)

Mama Kulwa: Kwa wasio na bando: bibi ataleta ya sungura na fisi, ila kila mtoto aje na kitendawili chake. Anayeshindwa kutegua atoe mji. Na analeta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pipi hataki kuziona.

Mama Abdul: Abdul hutoa Dubai kila mara, Mwanza anaing'ang'ania 😂

Baba Jestina: Jestina atakuwa sato. Nimekata boksi la sabuni, magamba tumebandika vifuniko vya soda. Akitembea analia kama manyanga.

Mama Abdul: Basi Abdul awe mvuvi, kipande cha wavu kipo. Ijumaa waende hivyo hivyo shuleni, mwalimu atasema nini?

Mama Kulwa: Naandika ujumbe kwake sasa hivi. Barakoa ya bibi kizee mchawi iondolewe, na anayekuja na vazi la nyumbani asidaiwe kitu.

Baba Jestina: Boga naleta mimi. Nakata kofia yake, watoto wakombe mbegu kwa vijiko. Ndani taa ndogo ya betri, mshumaa hapana.

Mama Abdul: Ganda la maboga yetu ni gumu. Kisu ushike wewe, tafadhali. Na kofia uniachie niichemshe.

Bibi Minza: Mbegu zikaangwe na chumvi. Ikinyesha mchana wekeni beseni la maji chini ya taa, kumbikumbi watashuka.

Mama Kulwa: Hapo Doto atasahau meno yote 😂

Mama Abdul: Na umeme ukikatika?

Baba Jestina: Boga litawaka.

Bibi Minza: Nani atakuja kunichukua? Yale mawe siyashuki gizani.

Baba Jestina: Nakuja saa kumi na mbili bibi, na pikipiki.

Bibi Minza: Pikipiki sipandi. Njoo kwa miguu, ubebe ungo wa matobolwa.