Tupeane uzoefu: DHCP inapogoma

Wakuu, tushushe nondo hapa kuhusu DHCP, huduma inayozigawia mashine anwani za mtandao (IP): dalili, chanzo, dawa. Naanza na 169.254. Ukipiga ipconfig kwenye Windows ukakuta IP inaanza hivyo, mashine imejipa yenyewe baada ya kuita seva ya DHCP ikakosa wa kuitika. Kabla ya ipconfig /renew (kuomba IP upya), tazama taa ya poti kwenye swichi. Ikiwa imezima, shida ni waya au kichwa chake; DHCP msiisingizie.

—Naongezea, mkuu. Mashine ikiwaka haina anwani, kwa hiyo inawaita wote: inatoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, poti 67 ya UDP. Seva inatoa ofa, mashine inaiomba ile ofa, seva inathibitisha. Wito huo hauvuki ruta. Ukigawa VLAN (vipande vya mtandao ndani ya swichi) na seva ikabaki upande mmoja, upande wa pili wote unakwama hadi uweke relei ya kuufikisha wito kwa seva. Kwenye Cisco ni ip helper-address, tena inakaa kwenye intafesi ya VLAN ya watumiaji, siyo ya seva. Hapo wengi wanachemka.

—Migahawani kinachoua ni kuishiwa IP. Kuanzia .100 hadi .199 ni anwani 100 tu. Muda wa kushikilia IP ukiwa saa 24, mteja aliyekunywa chai asubuhi akaondoka bado ameshikilia yake mpaka kesho. Shusha iwe saa 1. Aliyekaa hakatiki, maana simu huomba kuongezewa nusu ya muda ikifika.

—Balaa lenyewe ni ruta ya ziada anayoichomeka mtu apate Wi-Fi mezani kwake. Waya ukiingia poti ya LAN (ya ndani) badala ya WAN (ya nje), nayo inaanza kugawa IP. Hawa wana 192.168.0, wale 192.168.1, nusu ya ofisi haina intaneti. Kwa aliyeathirika piga ipconfig /all, soma mstari wa DHCP Server. Ipigie ping anwani hiyo, kisha arp -a ikupe MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), uifuatilie kwenye jedwali la swichi mpaka poti. Swichi ikiwa na DHCP snooping (kinga ya kuzuia seva za DHCP zisizoruhusiwa), washa; weka kama za kuaminika poti ya seva na zile zinazounganisha swichi kwa swichi. Ukizisahau hizi za pili, ghorofa zima litakosa IP.

—Printa je, tuipe IP kwa mkono?

—Ifungie IP moja kwa MAC yake kwenye seva. Ukiiandika kwa mkono ndani ya zile 100, siku imezimwa seva inaweza kumpa mtu IP hiyohiyo. Ikiwashwa, zinagongana.