Eti jua la Arua ni dhaifu!

Fundi aliyenifungia umeme wa sola hapa Arua, Uganda, anayemjua ameshamjua, simtaji. Nimemaliza kuzungumza naye kwa simu sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Nimemweleza kwamba betri haijai na friji la soda linazima saa mbili usiku, ilhali paa zima limejaa paneli, naye akanijibu bila haya: "Mama, jua la Arua ni dhaifu." Jua hili linalokausha muhogo kabla hujamaliza kuuanika, jua ambalo hata mbuzi wanalikimbia, ndilo dhaifu!

Nimempandisha paani kijana mwingine mwenye mita ya kupimia umeme. Paneli nne ni za wati 330, mbili ni za wati 100. Yule bwana alifunga kubwa tatu mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine ili volti zijumlishwe, akaichukua kubwa iliyobaki akaiunga na ndogo mbili, kisha safu zote mbili akazileta sambamba kwenye kidhibiti chaji kimoja, kile kifaa kinachopeleka umeme wa paneli kwenye betri, ambapo zote hulazimika kufuata volti moja. Safu ya kwanza hufanya kazi kwenye volti 111 hivi, ya pili 73. Kidhibiti kikisimama kwenye 111, safu ya pili, ambayo hata isipounganishwa na kitu haifiki volti 90, haitoi chochote. Kikishuka hadi 73, ya kwanza inapoteza theluthi ya nguvu zake. Volti zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya kila paneli, naye vibandiko viwili amevizungushia utepe mweusi wa kufungia waya! Halafu jua ndilo dhaifu.

Fundi_Koboko: Pole sana, mama. Kubwa nne zifungwe mbili mbili, upate safu mbili sawa za volti 74, na ndogo mbili zipewe kidhibiti chao. Zima swichi ya paneli kabla ya kuchomoa plagi yoyote, kwa maana umeme wake ukikatwa ghafla hutoa cheche za kuunguza mikono.

Mtu_wa_Mpakani: Alipokutajia nusu ya bei ya wenzake, hukujiuliza nusu nyingine imekwenda wapi? Rahisi huvunja upishi.

Mwenye uzi (mimi niliyeandika hapo juu): Nilimlipa bei kamili, na chakula cha mchana nikampikia! Ndiyo maana neno hilo la jua linanichoma.

Binti_Nebbi: Wewe angalau jua unalo. Mimi alinifungia paneli kando ya mwembe, na kivuli cha tawi moja kinaishusha safu nzima. Nilipolalamika akaniambia nisubiri majani yapukutike. Mwembe!

Baba_Salama: Paneli zina nafuu. Mimi aliniuzia betri ya gari akaniapia kwamba ni ya sola. Betri ya gari haistahimili kuchotwa umeme usiku kucha, na sasa imevimba ubavuni.

Binti_Nebbi: Yangu pia imevimba! Ulinunua kwenye duka lile la karibu na stendi?

Baba_Salama: Hilo hilo. Karatasi ya dhamana walikupa?