Darubini 8x42, 10x42 au kamera? Kuangalia ndege za zamani uwanjani na watoto

Pangaboi: Wakuu, wiki ijayo nasafiri na familia. Uwanja tutakaobadilishia ndege una za kale zimeegeshwa ng'ambo ya njia ya kurukia. Pesa ipo ya kitu kimoja tu: darubini 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42), 10x42, au kamera yenye lenzi ya kuvuta. Nichukue ipi?

Silinda14: Umeuliza nusu swali, mkuu. Umbali gani? Kupitia kioo au uzio? Saa ngapi? Watoto wa umri gani, na nani anavaa miwani?

Pangaboi: Samahani. Kama mita 600, kupitia kioo cha jengo la abiria, saa sita hadi saa nane mchana. Watoto miaka 5 na 9. Miwani navaa mimi.

Silinda14: Basi 8x42, usihangaike. Saa hizo joto la lami huifanya hewa icheze, na ukikuza mara 10 unakuza na huo mchezo. 8x nyingi huonyesha upana wa mita 130 hivi kwenye umbali wa mita 1,000, 10x kama 110, na mtoto akishaipoteza ndege haipati tena. Kwa miwani, hakikisha jicho linaweza kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo cha nyuma. Kinachosahaulika ni nafasi kati ya macho: darubini nyingi hazibani chini ya milimita 56, macho ya mtoto wa miaka 5 yamekaribiana zaidi ya hapo. Ataona duara mbili na kusema imeharibika. Afumbe jicho moja atumie upande mmoja.

Lenzi300: Darubini haikuachii kitu cha kuonyesha. Kamera: bandika kofia ya mpira ya lenzi kwenye kioo, zima flashi, namba za usajili mtazisoma nyumbani. Iliyoegeshwa piga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde. Mapanga ya injini yakizunguka shuka hadi 1/125, la sivyo yanaganda kama injini imezimwa.

Silinda14: Hewa ikicheza picha nayo inatoka ukungu, na hakuna programu itakayoinyoosha.

MkiaTatu: Mnabishania vioo, mnatafuta nini? DC-3, ndege ya kale maarufu ya injini mbili, inajulikana kwa macho matupu: pua juu, gurudumu dogo mkiani. Darubini inahitajika kujua ni ipi. Mapanga matatu na injini fupi ya mviringo, hiyo ni ya pistoni, mara nyingi silinda 14 kila upande. Mapanga matano, pua ya injini ndefu nyembamba, mwili umerefushwa mbele ya bawa: ni BT-67, imegeuzwa kuwa ya turbini. Mlango wa abiria ukiwa kulia, fikiria Li-2, DC-3 iliyoundwa Kisovieti. Namba za usajili zisikudanganye, hubadilika na mwenye ndege. Namba ya kiwanda ndiyo haibadiliki.

Uzio_Mkongwe: Kabla ya lenzi yoyote, ulizeni kama upande ule ni wa jeshi. Novemba 2001 huko Kalamata, Ugiriki, watazamaji 14, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa kwa kuandika namba za ndege. Walikaa rumande wiki kadhaa. Aprili 2002 wanane wakahukumiwa miaka mitatu kwa upelelezi, sita mwaka mmoja wa nje. Rufaa ikawaachia huru Novemba mwaka huohuo. Kosa lao daftari.

Lenzi300: Ile ilikuwa kambi ya anga, mkuu. Huyu yuko kwenye jengo la abiria.

Uzio_Mkongwe: Viwanja vingapi vinatumia njia moja, jeshi na raia? Kibao cha kukataza picha husomwa kabla, si baada.

Pangaboi: Nimeelewa. Na programu ya simu inayoonyesha kwenye ramani ndege zilizo angani, itanijulisha ya kale ikiwa inakuja?

MkiaTatu: Usiitegemee. Nyingi za kale hazina kifaa cha kutangaza mahali zilipo, ramani inabaki tupu huku ndege inapita. Sikiliza mngurumo.

Pangaboi: Dukani kuna darubini moja ya kuvuta, mara 10 hadi 30, lenzi ya milimita 60. Si inamaliza yote?

Silinda14: Usiiguse! Gawanya 60 kwa 30: mwanga unaofika jichoni ni tundu la milimita 2, picha inafifia, na kwa mkono mtupu haitulii.

Pangaboi: Mama watoto anauliza uzito, begi la mkononi limeshajaa.

MkiaTatu: 8x42 ni gramu 600 hadi 800.

Lenzi300: Kamera je? Pangaboi, hujataja hata lenzi ya milimita ngapi.